Nimeuliza kipimo cha baruti, nikaambiwa nimebeba MWIKO!

Wakuu, nimetoka uwanja wa shabaha sasa hivi, bado natetemeka. Si baridi ya Iringa, ni hasira.

Yule jamaa. Mnamjua. Yule anayejua kila bunduki tangu dunia iumbwe, anayevaa koti la jeshi hata harusini. Leo kaniambia mbele za watu kwamba Mauser ya babu yangu ni mwiko wa kusongea ugali. MWIKO!

Na niliuliza kwa adabu: "Shikamoo mzee. Risasi nyepesi za kulengea shabaha, kwa mtutu wa zamani, wanaweka baruti kiasi gani?" Basi. Bega limechoka kupigwa na risasi za kuangushia nyati, wakati mimi nataka kutoboa karatasi mita 100. (Kabla hamjaanza: kibali ninacho, na anayenijazia baruti kwenye maganda ya risasi ana leseni yake.)

Akaichukua, akaigeuza, akawatazama watu: "Huu mwiko umetoka jikoni kwa nani?" Wakacheka wote. Mlinzi wa geti akacheka. Ng'ombe wa ng'ambo ya mto walicheka, naapa. Halafu bila haya: "Chukua kipimo cha kawaida, kata nusu."

Vitabu nimepekua mpaka macho yanawasha, kila ukurasa ni mitutu mipya na kasi ya kuulia tembo. Ndiyo maana nikamuuliza yeye! Bunduki ya marehemu babu. Mwiko!

Chai_ya_Mufindi: Pole mkuu. Weka picha basi, tuamue wenyewe kama ni mwiko.

Mnyalu_wa_Kalenga: Umeiokota Lugalo nini? Mkwawa aliteka bunduki nyingi za Wajerumani siku ile ya 1891, labda hiyo ilidondoka njiani 😂😂

Mleta uzi: 1891 hii ilikuwa haijazaliwa, ni ya mtindo wa 1898! Mnacheka kama wale wa uwanjani.

Fundi_Uyole: Utani pembeni, mimi hilo la "kata nusu" ndilo limenitisha. Baruti inayoungua polepole ukiipunguza mno ndani ya ganda kubwa inaungua ovyo. Mara shinikizo linaruka ghafla, mara kichwa cha risasi kinakwama mtutuni, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Risasi nyepesi kwa kawaida ni kichwa cha madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa, na baruti ya kuungua haraka, tena kidogo sana, kiasi kwamba ukilijaza ganda mara mbili kwa bahati mbaya hutagundua kwa kuangalia juu juu. Na mtutu upimwe kwanza. 8x57 (risasi za Mauser za Kijerumani, upana mm 8, ganda mm 57) za mwanzo, za 1888, zilitumia kichwa cha inchi 0.318, kuanzia 1905 Wajerumani wakahamia 0.323. Kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba ni msiba. Kwa hofu hiyo hiyo Wamarekani wameiwekea 8x57 kikomo cha shinikizo cha chini kuliko cha Ulaya. Kipimo kitoke kwenye kitabu cha mtengeneza baruti, cha baruti hiyo hiyo. Usikisie.

Mleta uzi: Mmeona? Mtu mstaarabu anajibu hivi! Yule alishindwa nini? Kaona aseme mwiko.

Boda_wa_Sae: Huyo jamaa pikipiki yangu aliiita kikaango. Kumbe ana seti nzima ya vyombo.

Mnyalu_wa_Kalenga: 😂😂 Mkuu Mwiko, kutana na Mkuu Kikaango.

Parachichi_Rungwe: Ninyi mmetukanwa vyuma tu. Mimi dalali kaingia shambani, kabonyeza parachichi zangu zote za Hass, kasema hizi za kulishia nguruwe. Kisha kazipakia hizo hizo, kwa bei ya nguruwe!

Baridi_ya_Makete: Madalali wa Rungwe wana nafuu, njoo uwaone wa viazi huku. Lumbesa imevimba mpaka mwenye gunia anaogopa kusimama karibu.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa bunduki. Kaniambia MWIKO, mbele ya mlinzi wa geti.

Chai_ya_Mufindi: Tumesikia Mkuu Mwiko. Parachichi, hizo Hass ni za kupandikiza au za mbegu?

Parachichi_Rungwe: Za kupandikiza. Mwaka wa tatu zikaanza kuzaa. Njoo PM nikuelekeze miche ilipo.