Jenereta ya mnara inanguruma saa nane usiku, wao wamekuja kupima saa tisa mchana

Jamani, salaam. Nina hasira, na uzi huu ni mrefu, lakini naomba msome mpaka mwisho, hasa nyinyi mnaoishi karibu na minara ya simu.

Naishi Kisauni, Mombasa. Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja kilichokodishwa kampuni ya minara. Kutoka ukuta wao hadi dirisha la chumba anacholala mamangu ni hatua nane za mtu mzima, nimezihesabu. Mnara wenyewe hauna neno, umesimama tu. Tatizo ni vilivyo chini yake: kabati la mitambo lenye feni zisizolala, na jenereta ya dizeli. Stima ikipotea, jenereta inajiwasha yenyewe. Na huku kwetu hakuna anayehitaji kuambiwa stima inapotea mara ngapi.

Mamangu ana presha. Kando ya kitanda ana kistuli, juu yake glasi ya maji ya kumezea dawa, imefunikwa kifuniko cha bati. Jenereta ikiwaka, kile kifuniko kinaanza kutetema juu ya glasi, ti-ti-ti-ti, hakinyamazi mpaka stima irudi. Siku hizi anaweka leso katikati ya kifuniko na glasi ndipo apate usingizi. Mama wa miaka sabini na moja, ndani ya nyumba aliyoijenga na marehemu babangu kabla mnara haujafikiriwa.

Na kabla hamjaanza: sizungumzii mionzi. Tafadhali msiniletee habari za mionzi hapa. Nazungumzia kelele, kitu ambacho sheria ya nchi hii imekiwekea kipimo.

Tumelalamika kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kwa kampuni, mwisho kwa afisi inayohusika. Barua tatu. Baada ya miezi minne akaja afisa wa kupima. Siku ya Jumanne, saa tisa mchana, stima ipo, jenereta imezimwa, yuko na fundi wa kampuni ile ile tunayoilalamikia, wamepanda gari moja. Hakuingia nyumbani, wala hakwenda upande wa nyuma. Alisimama mbele, karibu na barabara, ameishika mashine mkononi, haina hata ile sifongo ya kuzuia upepo. Tuktuk zinapita, bodaboda zinapiga honi. Dakika tano hazikufika. Akaandika desibeli 57, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, akafunga daftari.

Nikamuuliza, bwana, na jenereta? Akasema leo haijawaka, hawezi kupima kitu kisichowaka. Nikamwambia basi iwasheni, ufunguo mnao. Fundi akajibu hana idhini ya kuiwasha bila sababu. Bila sababu! Sisi watu wa nyumba sita tuliosimama pale hatukuwa sababu.

Ripoti imekuja wiki jana, kurasa mbili. Inasema kelele za eneo zinatokana zaidi na magari, na mitambo ya mawasiliano haina athari kwa wakazi. Yaani wamepima kelele za tuktuk, halafu wakatumia tuktuk kuisafisha jenereta.

Sasa nitawaeleza kwa nini ule si upimaji, kwa sababu nimekaa usiku mwingi macho, nimesoma.

Kenya ina Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009. Kwa eneo la makazi, nje ya nyumba, mwisho ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Na usiku wa kanuni hizo unaanza saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa niambieni, kipimo cha saa tisa mchana kinajibu vipi swali la usiku? Hata hiyo 57 yao imeshapita 50 ya mchana. Wameiandika wenyewe, wakaiwekea sahihi, na bado wanasema hakuna tatizo!

Halafu kuna suala la wastani. Jenereta ikiwaka robo saa, nawe ukaisambaza kelele hiyo juu ya saa nzima, desibeli sita zimepotea kwenye karatasi. Mtu aliyeshtuliwa usingizini hakushtuliwa na wastani. Waingereza wana kiwango chao cha kupima kelele za mitambo karibu na nyumba, BS 4142, na usiku wanahesabu kwa vipindi vya dakika kumi na tano kwa sababu hiyo hiyo. Tena hawaishii kusoma namba moja. Kwanza wanapima utulivu wa mahali penyewe mtambo ukiwa umezimwa, ile sauti ya chini inayobaki hata magari yakitulia. Kisha wanapima mtambo ukiwaka, na kama una mvumo wa sauti moja unaojitokeza sikioni, wanauongezea adhabu. Tofauti ikifika desibeli kumi hivi, hiyo ni dalili ya athari kubwa. Mimi nimepima kwa simu yangu dirishani mwa mamangu, saa nane usiku: jenereta ikiwa imezimwa 38, ikiwaka 61. Najua simu si mashine ya mahakamani. Lakini pengo la 23 halitokani na ubovu wa simu tu, simu ni ile ile, imewekwa pale pale.

Na jambo linaloniudhi zaidi ni hili. Mashine hizi kwa kawaida hutumia kichujio kinachoitwa A, kinachopunguza sauti nzito. Jenereta ya silinda nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inapiga mapigo 50 kila sekunde. Kwenye sauti nzito ya namna hiyo, kichujio A kinatoa karibu desibeli 30. Kwa hiyo ule mngurumo unaopita ukutani na kutetemesha kifuniko cha glasi, kwenye karatasi karibu usionekane kabisa. Mpimaji anayejua kazi yake anapima pia bila kupunguza sauti nzito hivyo, anaangalia sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake, na anaingia chumbani mtu anamolala.

Msiniambie tufunge madirisha. Hii ni Mombasa. Mwezi wa pili ukifunga dirisha usiku unaamka umelowa, na stima ikiwa imepotea feni yako haizunguki. Wakati jenereta yao inawaka ndio wakati sisi hatuna budi kulala madirisha wazi.

Kuna jirani ameniambia napinga maendeleo. Simpingi mtu, biashara yangu naifanyia kwenye simu na mtandao nautaka. Dawa ya kelele hii inajulikana: raba nzito chini ya jenereta, saelensa nzuri, boma la kunyonya sauti, mdomo wa moshi na feni vielekezwe mbali na madirisha. Bora zaidi, betri za lithiamu na sola, ili stima ikipotea kwa saa mbili tatu jenereta isiwake kabisa. Hawataki kutumia pesa, basi. Na mwenye kiwanja anayepokea kodi kila mwezi halali hapa, analala mtaa mwingine.

Leo asubuhi nimepeleka barua nyingine, nikagongewa muhuri nakala yangu. Naomba data yote ya upimaji ule: aina ya mashine, cheti chake cha kuhakikiwa, saa, mahali aliposimama. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 kunijibu. Kifungu cha 42 kinanipa haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinaniruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba nimeumia au nimepata hasara. Ninachodai ni kimoja: waje usiku, jenereta ikiwaka, wapimie dirishani mwa mamangu.

Kama kuna mtu Likoni, Changamwe, Mtwapa au popote aliyefanikiwa kupimiwa usiku, naomba aniambie hapa alifanyaje. Wanasheria pia, kama mpo, semeni.

Naandika saa saba na robo usiku. Stima imepotea tangu saa tano, na jenereta inawaka. Mamangu ameketi barazani na chandarua amejifunika mabegani, anangoja izimwe.