Naomba ushauri: nimeshikwa na picha za mikoko na ndege hapa Mikindani. Akiba niitie kwenye lenzi au kwenye safari ya Tsavo?

BintiWaMikindani

Assalam aleikum, na kwa wote hamjambo.

Nakaa Mikindani ya Mombasa, upande wa mteremko unaoshukia mkono wa bahari wa Tudor. Kupiga picha nilianza na simu tu: mikoko, mitumbwi, wavuvi wakirudi, nikiwatumia ndugu zangu walioko bara. Baadaye binamu yangu akaniachia Canon yake ya zamani yenye lenzi ya 18-55, na tangu hapo hamu imezidi. Siku za kazi, nikiwa kwenye matatu kuelekea mjini, naangalia mwanga unavyogonga kuta za Makupa. Jumapili watu hawajaamka nishashuka majini. Nimeanza kujua yangeyange wanalala mti gani na wanaruka saa ngapi.

Nina akiba kidogo. Inatosha kununua lenzi ndefu iliyotumika, au kwenda Tsavo siku mbili tatu, si vyote viwili. Kila ninayemwonyesha picha zangu huniambia, "Nzuri, lakini nenda mbugani ukapige picha za kweli." Moyo wangu uko hapa horini. Ila nauliza kwa dhati: mtu anaweza kukua akipiga picha mahali pamoja tu, karibu na nyumbani, au najinyima?

Tena kuna mambo yananishinda. Ndege wanatoka wadogo mno. Yangeyange akisimama mbele ya mikoko anatoka mweupe pe, hata unyoya mmoja hauonekani. Na maji siyaelewi: Jumapili moja nakuta yamejaa hadi kwenye majani, Jumapili nyingine ni tope tupu, siwezi kupanga chochote. Mamangu naye ana wasiwasi mimi kwenda peke yangu na kamera. Nisaidieni.

Msafiri_Voi

Dada, mimi nitakuambia nenda. Ukitoka Mombasa kwa treni ya Madaraka Express unashuka Voi, na lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji. Tembo wa Tsavo wamepakwa udongo mwekundu, na asubuhi jua likiwapiga ubavuni utaona rangi ambayo hori halina. Mnyama mkubwa anakufunza kupanga picha, kwa sababu anasimama, anakupa muda wa kufikiri. Ndege wa majini hakupi muda huo. Lenzi utanunua mwakani.

FundiLenzi_Bondeni

Namheshimu Msafiri, lakini hapo sikubaliani naye. Tsavo na lenzi ya 18-55 utarudi na picha za nyasi na vitone vyekundu kwa mbali. Utakuwa umelipa nauli, kiingilio, gari na malazi ili ukutane na shida ile ile uliyonayo Mikindani.

Kwa kamera yako tafuta Canon 55-250, ile yenye herufi STM (mota ya fokasi iliyo kimya) ukiipata. Ni nyepesi, ina kituliza mtikisiko ndani, na kwenye kamera za aina yako mm 250 inakupa uoni sawa na wa mm 400 kwenye kamera zenye kihisi kikubwa. Kwa yangeyange na mdiria itakutosha kabisa ukijua kukaa kimya ukawasubiri.

Huyo ndege mweupe pe ana dawa. Kamera haijui inaangalia nini. Inaona mikoko imejaa giza kwenye fremu, inadhani picha nzima ni nyeusi, basi inaongeza mwanga, na ndege anaungua. Bonyeza kile kitufe chenye alama ya + na − uteremshe hadi −1, hata zaidi jua likiwa kali. Mikoko itakuwa myeusi zaidi, na iache iwe hivyo, inapendeza. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi, badala ya JPEG ili giza uweze kulifungua baadaye. Weupe ulioungua haurudi hata ufanye nini. Ndege akiruka, weka shata 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, fokasi iwe AI Servo ili imfuate, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga. Chembechembe kidogo kwenye picha si aibu. Ndege aliyetikisika ndiye hana tiba.

Sasa la chumvi, maana hili ndilo linaloniletea wateja wengi. Ukitoka majini pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi upepo ukivuma ufukweni. Usifungie kamera kwenye mfuko wa ngozi kabatini: joto na unyevu wa Mombasa huotesha kuvu ndani ya vioo, na kikishaingia hakitoki kwa kufuta nje. Chukua kopo la plastiki linalofunga vizuri, tia vile vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu au dawa, na uvibadilishe vikichoka. Na kama unalala na AC, toka nje na begi likiwa limefungwa, kamera iache ndani yake kwa muda kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitajaa umande papo hapo na jua litachomoza wewe unafuta.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, wa aleikum salaam. Kamera siijui. Maji nayajua, na kwa unayoyaeleza, nusu ya shida yako ni maji.

Fuata mwezi, usifuate Jumapili. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe moja na tarehe kumi na tano za Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwetu Mombasa siku hizo yanajaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Basi hesabu: mwezi kumi na saba hivi, yaani siku ya kumi na saba tangu uandame, maji yatakuwa yamejaa karibu na jua kuchomoza, na yatajaa tena karibu na kuchwa. Hiyo ndiyo siku uliyoyakuta majanini. Mwezi saba, nane na ishirini na mbili, ishirini na tatu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Ukipita hapo, kuanzia mwezi kumi hadi kumi na mbili, na tena ishirini na tano hivi, utayakuta yamekupwa alfajiri.

Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko mlangoni, na upepo wa Kusi ukisukuma huyabadilisha. Kwa dakika hasa angalia jedwali la maji la Kilindini, liko mtandaoni. Ila ukiwa na mwezi kichwani, utajua hata kabla hujafungua simu.

La ndege: ndege hawafuati saa, wanafuata tope. Maji yakianza kutoka na tope likifunuka kidogo tu, ndipo wanaposhuka kula, na wanakuwa karibu nawe kwa sababu nafasi ni finyu. Tope likishakuwa pana wanatawanyika. Njoo mapema kuliko wao, ukae, na wao watakuja. Ukiwafuata utawafukuza.

Na usiingie topeni peke yako mahali usipopajua. Mvuvi yeyote wa hapo atakuonyesha pa kukanyaga.

Bi_Kibokoni

Naunga mkono la Nahodha, nami niongeze la mamako, kwa sababu mama yuko sawa.

Mimi napiga picha Mji wa Kale na bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Kabla ya kutoa kamera, nenda pale wanapotua wavuvi, uliza mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), jitambulishe: naitwa fulani, mtoto wa fulani, nakaa nyumba ile, napenda kupiga picha za mikoko na ndege. Ukishasema hivyo huko peke yako tena. Watakuchunga, watakuambia leo usipite kule, na watakuita wakiona kitu. Ulinzi huo hakuna kifaa kinachouleta. Kamera iweke kwenye begi la kawaida, si lile lenye jina la kampuni kubwa kubwa mgongoni.

Watu waulize kwanza. Huku kwetu mtu hapendi kuelekezewa lenzi ghafla, sembuse mwanamke aliyekaa barazani kwake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sura ya mtu ni mali yake. Ukitaka kuiweka hadharani au kuiuza upate ridhaa, na kwa mtoto upate ya mzazi. Lakini hata isingekuwapo sheria, salamu ni salamu. Na uchapishe nakala umpelekee. Picha iliyochapishwa ukampa mvuvi mkononi inafungua milango ambayo maneno hayafungui.

Feri ya Likoni, bandari, Ikulu na kambi za jeshi, kamera iwe ndani ya begi. Na usidanganywe kurusha droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kuhusu swali lako kubwa: mibuyu ya Mama Ngina nimeipiga masika na kiangazi, ikiwa tupu na ikiwa na majani, na maua yake hufunguka jioni, popo wakaja. Mtalii anapita hapo kutwa na hajui. Utaalamu huo nimeupata kwa kurudi pale pale.

MchuNaMkandaa

Dada, ninasomea mambo ya bahari, na naomba nikupe jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa: mikoko yenyewe. Usiipige yote kwa jina moja. Ule wenye mizizi iliyopinda ikashuka majini ndio mkoko hasa. Wenye mizizi midogo inayochomoza juu topeni ni mchu. Mlilana unasimama mbele kabisa, unaotazamana na maji mengi. Mkandaa ni mfupi, uko nyuma zaidi. Kenya ina aina 9. Ukishaitofautisha, utaona kila mmoja una mwanga wake: mizizi ya mkoko inataka jua la pembeni, ile ya mchu inapendeza maji yakiwa yanaianika pole pole, kila mmoja na kivuli chake.

Halafu chagua pahali pamoja, jiwe au kigogo, usimame hapo hapo kila mwezi na lenzi ile ile, upige upande ule ule. Mikoko ya Tudor imekatwa sana na inapokea maji machafu ya mji, na kuna sehemu watu wanaipanda upya. Picha kumi na mbili za pahali pamoja zinaonyesha mabadiliko ambayo tembo mmoja wa Tsavo hawezi kuyaonyesha. Sisi wanafunzi tungezitamani.

Picha za ndege zipandishe kwenye tovuti ya iNaturalist, watu watakusaidia majina. Ukishazoea, jiunge na Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, uandikishe unachokiona. Kuanzia Agosti na Septemba vitwitwi na wenzao wanafika kutoka Ulaya na Asia, wanakaa hadi karibu Aprili. Miezi ya Kaskazi keremkerem wekundu wanakuja pwani yetu na kulala mikokoni. Hakikisha lenzi unayo kabla ya hapo!

BintiWaMikindani

Nimesoma yote, na mengine nimeyasoma tena kwa sauti, mamangu akisikiliza. Shukran sana. Mzee Nahodha, shikamoo. Nimechukua kalenda ya msikiti iliyo ukutani nikalinganisha na tarehe za picha zangu za zamani, na kweli, zile za majanini zote zimeangukia karibu na mwezi kumi na saba au mwezi tatu.

Msafiri, asante, Tsavo nitakwenda inshallah, lakini nikiwa na lenzi. Nimeamua kubaki horini kwa sasa. Nina maswali mawili. Asubuhi jua linatokea ng'ambo ya hori, linanipiga usoni, mikoko yote inakuwa kivuli. Nifanye nini? Na kuna mtu mjini anauza 55-250 iliyotumika, nimwone Jumamosi. Niangalie nini nisije nikauziwa ugonjwa?

Bi_Kibokoni

La jua: asubuhi ukiwa Mikindani piga vivuli, usipigane navyo. Mvuvi amesimama mtumbwini, umbo tu, maji yanang'aa nyuma yake. Jioni jua linakuwa nyuma yako na mikoko inawaka rangi. Siku nyingine vuka uje upande wa Tudor kisiwani jioni, utaliona jua likichwea kwenu Mikindani, juu ya maji. Ila uwe umeshafika mapema. Huku karibu na ikweta giza linaingia upesi sana, na asubuhi vile vile: ikifika saa mbili na nusu, saa tatu, mwanga umeshakuwa mkali, rudi nyumbani ukanywe chai.

NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Hesabu yako ni sawa.

FundiLenzi_Bondeni

Nenda na kamera yako na tochi. Toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi upande mmoja utazame upande wa pili huku ukigeuza lenzi pole pole. Ukiona nyuzi nyeupe zinatambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, mrudishie. Vumbi kidogo halina neno. Zungusha pete ya kuvuta kutoka 55 hadi 250 na usikilize: ikikwaruza, mchanga umeingia. Tazama vile vituo vya dhahabu nyuma, visiwe na kutu ya kijani. Kisha ifunge kwenye kamera, ulenge kitu cha karibu, halafu cha mbali barabarani, kwenye 55 na kwenye 250, uone fokasi inashika upesi kote. Washa na kuzima kituliza mtikisiko uone kama picha inatulia ndani ya kitundu cha kutazamia. Mwisho piga picha kadhaa, uzikuze kwenye skrini, uangalie pembe zote nne.

Muuzaji akikukataza kufanya hayo yote, ondoka. Na akikubali, mletee mvulana wa dukani kwangu picha ya nambari ya lenzi kabla hujalipa, nitakuambia ni toleo lipi.