Saa janja inasema mapigo ya mzee hayana mpangilio, ECG ya hospitali imetoka safi: tufuate lipi?

MwanaChumbageni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Niko Tanga mjini na naomba ushauri juu ya mzee wangu, mwenye umri wa miaka 68, ambaye ana presha na anatumia dawa zake bila kuzikosa. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat alimletea saa janja, akaiunganisha na simu, na tangu hapo saa hiyo imekuwa ikituletea taarifa kwamba imegundua mapigo yasiyo na mpangilio yanayoashiria atria fibrilesheni. Mara nyingi taarifa huja mzee akiwa amelala, au akiwa amejinyoosha barazani baada ya Alasiri. Yeye mwenyewe hasikii lolote, hana maumivu ya kifua, na bado anaendesha baiskeli yake hadi Ngamiani kila asubuhi.

Tulimpeleka hospitali akapimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi, tukaambiwa aendelee na dawa za presha. Hazikupita siku nyingi taarifa ikarudi. Mama anataka saa ifungiwe kabatini kwa kuwa inawatia watu hofu bure, ilhali mdogo wangu anasisitiza mzee apelekwe Dar es Salaam mara moja. Je, saa inaweza kuona kitu ambacho mashine ya hospitali haikukiona? Na tukiwa tunasubiri, ni sawa aanze kumeza aspirini, kama jirani alivyotushauri?

MuuguziMstaafu

Marahaba mwanangu, na mzee mpe pole. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika wodi za watu wazima, hivyo nitakujibu kwa ninayoyajua, na uamuzi wa tiba utabaki kwa daktari wenu.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na huenda hakuna aliyekosea kati ya saa na hospitali. Katika atria fibrilesheni vyumba vya juu vya moyo huacha kujikunja kwa utaratibu vikabaki kutetemeka, na kwa watu wengi, hasa mwanzoni, hali hii huja na kuondoka: inaweza kumshika mtu usiku kwa saa kadhaa, na kufika asubuhi moyo ukawa umerudia mwendo wake wa kawaida. ECG ya hospitali, ile ya kulala kitandani na kubandikwa nyaya kumi, huutazama moyo kutoka pande 12, na kwa undani huo hakuna saa ya kushindana nayo. Lakini huurekodi kwa sekunde zipatazo 10 tu. Moyo ukiwa umetulia katika sekunde hizo, karatasi hutoka safi, na daktari hawezi kusoma kisichoandikwa.

Saa haina undani huo, ila iko mkononi usiku na mchana. Taa yake ya kijani humulika ngozi, na kwa kuwa damu hunyonya mwanga wa rangi hiyo, kila moyo unaposukuma damu mwanga unaorudi hupungua kidogo. Kutokana na kupungua huko saa hupima muda kati ya pigo na pigo. Mkono unaotikisika huvuruga kipimo, ndiyo maana taarifa zenu huja mzee akiwa ametulia.

Kuna utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu Apple Watch, uliochapishwa mwaka 2019, ambao ulihusisha watu 419,297. Waliopata taarifa kama hiyo ya mzee walikuwa asilimia 0.52 tu. Baadhi yao walivaa kiraka cha kurekodi moyo walichotumiwa baadaye, na asilimia 34 ya waliokirudisha walikutwa na atria fibrilesheni. Msomaji wa haraka atasema basi wengine wote walidanganywa na saa, lakini kumbuka kwamba kiraka kilivaliwa siku kadhaa baada ya taarifa, na hali yenyewe ni ya kuja na kuondoka. Pale saa ilipotoa taarifa mtu akiwa amevaa kiraka, asilimia 84 ya taarifa hizo zilithibitishwa. Kwa maoni yangu, kuifungia saa hiyo kabatini ni kosa, na kuichukulia taarifa yake kuwa ndiyo hukumu ya daktari ni kosa pia.

Kutosikia kwake maumivu kusiwapumbaze. Vyumba vya moyo vikitetemeka damu hutuama, huweza kuganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Hatari hiyo kwa mwenye atria fibrilesheni ni takriban mara tano ya asiye nayo, na umri pamoja na presha huiongeza. Hali ikithibitishwa, daktari atapima mambo hayo kabla ya kuamua juu ya dawa za kuzuia damu kuganda. Aspirini msimpe kwa ushauri wa jirani: kinga yake dhidi ya kiharusi cha namna hii ni hafifu mno, na inaweza kumsababishia kutokwa damu tumboni.

Rudini kwa daktari, hospitali ya Bombo au mnakotibiwa, mkaombe kipimo cha muda mrefu, yaani kifaa kinachovaliwa kifuani saa 24 au zaidi, kinachoitwa Holter. Kama hakipatikani, ombeni rufaa kwa bingwa wa moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ndiyo mahali pa kutazamia, na safari ya Dar es Salaam itakuwa na maana zaidi mkiwa na barua mkononi.

FundiNgamiani

Naongeza upande wa kifaa. Kwanza hakikisheni ni saa ya kampuni inayojulikana na iliyopimwa. Dukani kwangu huletewa saa za bei rahisi zinazodai kupima presha, sukari na kila kitu. Nimewahi kuifunga moja kwenye taulo lililokunjwa, ikanipa mapigo 78 na presha juu yake! Kuhusu sukari, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwezi Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Presha ya mzee ipimeni kwa mashine ya mkanda wa mkono wa juu.

Pili, angalieni kama saa yake ina ECG. Zenye huduma hiyo humtaka mvaaji aguse kitufe au ukingo kwa kidole cha mkono wa pili kwa sekunde 30, kisha huchora mstari unaoweza kuhifadhiwa kama PDF na kuchapishwa. Baadhi ya kampuni hufungua huduma hii katika nchi zilizoidhinishwa tu, kwa hiyo mdogo wako aulizie kabla hamjahangaika.

BintiBagamoyo

Hapa Bagamoyo baba mkwe wangu alikuwa akiivua saa kila anapotawadha na kuisahau msikitini, kisha sisi tunashangaa kwa nini kumbukumbu zina mapengo. Pia ilikuwa ikimpwaya kama bangili. Tulipoikaza kidogo, juu ya kifundo cha mkono, usomaji ukatulia.

MwanaChumbageni

Ahsanteni sana. Aspirini tumeiacha. Saa ina ECG na imefunguka, ila mara mbili imeandika kwamba haikuweza kusoma. Na je, ikiandika kuwa mapigo ni ya kawaida, tusiwe na wasiwasi usiku huo?

MuuguziMstaafu

Akae kitini, mkono uegemee meza, asizungumze, na akaushe jasho kwanza, maana joto letu la Tanga mnalijua. Achukue kipimo mara tu taarifa inapokuja badala ya kungoja asubuhi, na muandike saa na alichokuwa akifanya.

Kuhusu swali la mwisho: saa haitambui mshtuko wa moyo. Mzee akibanwa kifua, akitoka jasho la baridi, akiishiwa pumzi, mdomo ukipinda au mkono ukifa ganzi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama kioo kimeandika kuwa mapigo ni ya kawaida.