Dada wa kazi Kisumu: alipwe kima cha chini, ama kula na kulala kwako kunatosha?

Jirani wa Kenya Re: Wadau, kima cha chini cha mshahara Kisumu ni kama elfu kumi na tano, na dada wa kazi yumo, sawa na mfagiaji na mtunza bustani. Kwetu wengi wanalipa elfu saba. Ni wizi ama ni hali ya maisha?

Mama Pacha: Wizi? Mimi ni mwalimu. Wakishakata bima ya afya ya SHA 2.75%, ada ya nyumba 1.5% na mkopo wa sacco, hiyo kumi na tano naitoa wapi? Huyo dada analala kwangu, anakula kwangu, na chai anatia sukari vijiko vinne. Vinne!

Wuod Nyalenda: Kumbe unahesabu vijiko?

Mama Pacha: Nunua sukari kwanza, ndiyo uniulize.

Wuod Nyalenda: Dada yangu alifanya kazi Milimani, mtaa wa matajiri, akivuka Ring Road kabla jua halijachomoza. Mwenye nyumba alifungia sukari kabatini, ufunguo akaenda nao ofisini. Mtoto wa miaka miwili anaachiwa, sukari haachiwi.

Mama Pacha: Usinifananishe na watu wa Milimani. Kwangu hakuna kufuli.

Bahati Kondele: Kumi na tano ni ya 2022. Mei Mosi 2024 Rais alitangaza nyongeza ya asilimia 6, ikaanza Novemba: 16,113.75, bila marupurupu ya nyumba.

Mama Pacha: Marupurupu gani na analala na watoto wangu?

Bahati Kondele: Akilala kwako hiyo umetoa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makazi ama pesa ya pango. Lakini sukari si mshahara, mama.

Mstaafu wa Reli: Zamani tulikunywa chai kwa sukari nguru, mgeni na mtumishi birika moja. Tangu kiwanda cha sukari cha Miwani kisimame, sukari imekuwa dhahabu. Walioua kile kiwanda ndio wa kuulizwa.

Jirani wa Kenya Re: Mzee wangu, Miwani imeingiaje hapa?

Mstaafu wa Reli: Sukari nimeileta mimi?

Wuod Nyalenda: Mzee yuko sawa. Vibarua wa miwa walidai mishahara mpaka wakachoka. Ni tabia ile ile.

Dada wa Tom Mboya: Mimi ndiye dada wa kazi mnayemjadili, niko mtaa wa Tom Mboya. Nasoma hapa watoto wamelala. Chai nakunywa kavu. Mimi naomba Jumapili. Sheria inasema siku moja katika saba, mimi hupewa mbili kwa mwezi, na nikirudi jioni vyombo vya asubuhi vinaningoja kwenye karai, ugali umeganda.

Mama Pacha: Na bando unanunuliwa na nani?

Wuod Nyalenda: Ananunua na ile elfu saba.

Bahati Kondele: Dada, unalipwa saba kweli?

Dada wa Tom Mboya: Sita.

Mstaafu wa Reli: Kuhusu Miwani bado sijajibiwa.