Naomba ushauri: masizi kwenye mifereji ya kupozea injini ya roketi

Wakuu, naombeni msaada. Injini ni ya mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika. Mafuta hupita kwanza kwenye mifereji ya ukuta wa shaba, upana milimita 1, kina milimita 2, ndipo yaingie kwenye injekta (sehemu inayonyunyizia mafuta na oksijeni kwenye chumba cha mwako). Mtiririko ni uleule, lakini tofauti ya presha kati ya mwanzo na mwisho wa mifereji inapanda kila jaribio.

Naona ni masizi. Ukuta ukikaribia nyuzi 300 za Selsiasi, mafuta huvunjika na kuacha kaboni. Kaboni huzuia joto, ukuta huzidi kupata moto, masizi yanaongezeka. Salfa iliyomo kwenye mafuta nayo hula shaba. Kinachotisha zaidi, ukuta wa ndani umeanza kuvimba na kuwa mwembamba katikati ya mfereji, hasa kooni, pale chumba cha mwako kinapobanana kabla ya bomba la kutolea gesi. Hapo ufa hauko mbali.

Je, nianze kupaka nikeli ndani ya mifereji, au nielekeze asilimia 5 ya mafuta yapoze ukuta kutoka pembeni mwa injekta, nikikubali kupoteza nguvu kidogo? Na mifereji husafishwaje bila kuacha mabaki ya kiyeyusho?