Naombeni ushauri: nimeokoka, naamini, ila kuna jambo moja sijatii

Mtafuta_Amani: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Huu ni mwaka wa 6 tangu niokoke. Naomba, nafunga, mikesha sikosi. Ila kila nikifika Warumi 1:5, Paulo anaposema mataifa yajitiishe kwa imani, moyo unanienda mbio. Mimi nilifundishwa tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Sasa mtu akiwa na jambo moja tu hajatii, bado ni mwana wa Mungu? Nijibuni mapema, Jumapili ijayo nina shughuli kubwa kanisani.

Mwana_Historia: Swali zuri. Martin Luther mwenyewe, yule aliyeanzisha Uprotestanti, alihangaika hapo hapo. Mwaka 1522 aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, kwa sababu 2:24 inasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki wakatia saini tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, kuhusu kuhesabiwa haki, yaani Mungu kumkubali mwenye dhambi kuwa mwenye haki. Ukitaka nitashuka na uzi mzima.

Mama_Upendo: Mwana_Historia, hajauliza hayo. Mwanangu, Waefeso 2 watu huishia mstari wa 9. Soma na wa 10: tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Haya, jambo lenyewe ni lipi?

Mtafuta_Amani: La kifamilia tu mama, halina uzito.

Kijiti: Halina uzito ila moyo unakimbia? Mkuu, hata Yona alipolipa nauli ya meli amkimbie Mungu alionekana msafiri wa kawaida 😂

Binti_Sayuni: Usicheke Kijiti. Mimi niliongoza kwaya miaka 4 nikiwa sisemi na dada yangu. Nikiinua mikono kuimba, nasikia kama naigiza. Siku nilipokwenda kwake alinifungulia mlango akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto wa pili huyo, na mimi sikujua hata kama alizaa wa kwanza. Nililia pale mlangoni. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Mtafuta_Amani: Basi niseme. Baba alipofariki aliacha kiwanja, tugawane mimi na mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa mbali. Niliandikisha chote kwa jina langu, nikauza. Hiyo ilikuwa kabla sijaokoka! Jumapili nasimikwa mzee wa kanisa, nimeshakubali. Nimepanga nimlipe baadaye, taratibu. Si ya kale yamepita? 2 Wakorintho 5:17.

Mlinzi_wa_Lango: Ya kale yamepita kwako, kwa mdogo wako bado yapo! Zakayo hakusema "baadaye". Luka 19:8, alisimama pale pale akaahidi kurudisha mara nne. Toba ya mdomo hiyo.

Mtafuta_Amani: Zakayo alikuwa tajiri. Mimi nina watoto. Na nikisema sasa kanisa zima litatikisika, wachanga kiroho watarudi nyuma.

Jicho_Kali: Wakuu, mnanywa chai. Mara jambo dogo, mara kiwanja, mara anasimikwa Jumapili. Mdogo mtu hakusaini popote? Hii kaitunga mtu anayeandaa mahubiri.

Kijiti: Dah, kweli. Saini ilitoka wapi?

Mtafuta_Amani: Nilimsainia mimi. Natamani ningekuwa nimetunga. Jina lake lina "y", na mkia wa "y" nilioukunja ni ule ninaoukunja kwenye jina langu. Karatasi ninayo, iko ndani ya Biblia ya baba. Ndiyo maana siku hizi nasoma Biblia ya simu.

Jicho_Kali: Nisamehe ndugu yangu. Nafuta neno langu.

Mama_Upendo: Sasa tunaongea. Mwanangu, tukisema mtoto hasikii, hatumaanishi ni kiziwi. Na lile neno la Kigiriki la utii analotumia Paulo, *hupakoe*, limetokana na kusikia. Wewe umesikia, ndiyo maana moyo unakimbia. Kwenye Mathayo 21 baba aliwatuma wanawe wawili shambani: yule aliyesema "sitaki" kisha akaenda shambani alikuwa mwana, na aliyesema "naenda, bwana" akabaki alikuwa mwana pia. Hautii ili uwe mwana, Baba anamtuma aliye wake. Lakini Mathayo 5:24 inasema acha sadaka yako madhabahuni, ukapatane kwanza. Kwanza, si baada ya kusimikwa. Na huo uzee wa kanisa usikuchanganye. Ni kazi, wala siyo jina lako mbele za Mungu.

Mlinzi_wa_Lango: Amina. Na karatasi aitoe.

Mtafuta_Amani: Nimemwandikia mchungaji kwamba Jumapili nisisimikwe, na kesho nitamweleza sababu. Mdogo wangu namba yake ninayo, nimeiangalia tangu saa kumi. Mama, nikimpigia nianze na neno gani? Hatujaongea miaka 9.

Mama_Upendo: Mlikuwa mnamwitaje mkiwa wadogo? Mwite hivyo.