Maji hupanda kwa nini mshumaa unapozimika ndani ya gilasi?

Mwalimu wa Darasa la Tano, Morogoro
Habari za kazi, walimu wenzangu. Katika somo la Sayansi na Teknolojia tumefanya lile jaribio la kusimamisha mshumaa unaowaka kwenye sahani ya maji na kuufunika kwa gilasi. Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba moto humaliza oksijeni, ambayo ni kama sehemu moja ya tano ya hewa, na maji hupanda kuchukua nafasi yake. Mwanafunzi mmoja aliyekaa karibu aliona viputo vikitoka kwenye ukingo wa gilasi mshumaa ungali unawaka, kisha maji yakapanda kwa kasi mwali ulipozimika. Akaniuliza: ikiwa oksijeni hupungua kidogo kidogo, mbona maji nayo hayapandi kidogo kidogo? Naomba ushauri wa namna ya kumjibu mtoto wa umri wake.

Mwalimu wa fizikia, sekondari
Mwalimu, mtoto huyo ameona sawasawa. Mwali huipasha hewa joto, hewa hutanuka na kiasi chake hutoka nje. Hivyo ndivyo viputo alivyoviona. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, kanieneo (nguvu ya msukumo wa hewa) ya ndani hushuka chini ya ile ya nje, na hewa ya nje huyasukuma maji juu. Oksijeni hutumika kweli, lakini mshumaa huzimika ikiwa bado imebaki nyingi, tena mwako huzalisha kabonidayoksaidi na mvuke wa maji, ambavyo huchukua sehemu ya nafasi ya oksijeni iliyotumika. Ninakusihi usimpe jibu hili mara moja. Washeni mishumaa mitatu chini ya gilasi ileile, na kila mwanafunzi aandike kwanza anachotarajia. Oksijeni iliyomo haijaongezeka, lakini maji yatapanda zaidi, na hapo darasa zima litaona kwamba maelezo ya zamani hayatoshi.

Mwalimu mstaafu, Moshi
Naunga mkono. Anayetaka kuonyesha ile sehemu moja ya tano atumie kutu badala ya moto. Chukua nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu, uzilowanishe na kuzishindilia kwenye kitako cha gilasi ndefu, kisha uifudikize ndani ya maji. Chuma kikishika kutu hufyonza oksijeni bila joto la mwali, na baada ya siku kadhaa maji huwa yamepanda karibu sehemu moja ya tano ya urefu wa hewa iliyokuwamo. Wanafunzi waweke alama ya kalamu kwenye gilasi kila asubuhi. Kwa darasa kubwa hilo ni zuri, kwa sababu kila siku kundi jingine linapata zamu ya kupima.

Mwalimu wa Darasa la Tano, Morogoro
Nawashukuru sana. Nyuzi za dukani kwetu zina mafuta mafuta. Je, zitashika kutu?

Mwalimu mstaafu, Moshi
Ziloweke kwanza kwenye siki kwa dakika chache, uzikung'ute, ndipo uziweke.